Dakika ya Kumi

Ko. Kisha ko. Kisha ko ya tatu, nzito kuliko mbili za kwanza, iliyopanda kutoka sakafuni hadi kwenye magoti.

Lutengano Tweve hakuona kitu. Taa zote zilikuwa zimezimika kwa mkupuo mmoja. Katika giza lile alisikia pumzi yake mwenyewe ikigonga ndani ya barakoa, akasikia maji yakidondoka tone kwa tone kutoka mezani, kisha akasikia mtu mwingine akihema mahali ambapo, kwa miaka mitatu, hakuwahi kuwapo mtu mwingine.

"Mama Sekela?"

"Ni mimi. Usirudi nyuma, utanikanyaga."

Taa nyekundu za dharura zikawaka. Chumba cha Ndani cha maabara kikajitokeza kipande kwa kipande: kabati la usalama lenye kioo, kabati la joto, hadubini, friji, na sakafuni chupa iliyopasuka, imelala kwenye kidimbwi chake cha rangi ya waridi. Kando ya kidimbwi alisimama mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, ndani ya vazi la kinga lililomzidi kila upande. Alikuwa ameikumbatia trei kwa mikono miwili kama mtu aliyepakata kichanga.

"Makomeo matatu yamefungwa," ilisema sauti kutoka darini, tulivu, isiyo na umri. Ilikuwa sauti ya Bawabu, mtambo uliolinda milango yote ya mji wa Livingamba. "Virusi hai vya Homa Kavu vimemwagika. Waliomo ni wawili. Tafadhali tulieni."

"Tulia wewe, kopo," alisema Mama Sekela. "Seli zangu hazijamwagika hata tone. Na wewe Lutengano, nani alikuambia uweke chupa ukingoni mwa meza?"

"Na nani alikuambia uingie bila kubisha?"

"Nibishe wapi? Kidirisha kimeganda!"

Hapo alisema kweli. Sekela Mwakalobo alikuwa mlezi wa seli, na kazi yake ilikuwa Chumba cha Nje. Kwa miaka thelathini na mmoja alizilisha seli hai, akazibadilishia maji, akazigawa zilipobanana, ili watu wa ndani wapate kitu cha kuvipa virusi vile. Ndani hakuwa akiingia. Kila siku, saa tisa kamili alasiri, aligonga kidirisha cha ukutani mara mbili na kusukuma trei. Upande wa pili mkono wenye glavu ukaipokea. Miaka mitatu walifahamiana hivyo, yeye na Lutengano, mkono kwa mkono. Jumanne hii baridi ya Juni ilikuwa imeigandisha reli ya kidirisha, Mama Sekela akavaa vazi la kinga na kuzileta seli mwenyewe. Lutengano hakuzoea nyayo nyuma yake. Aligeuka ghafla, kiwiko kikaondoka na chupa.

"Mvuke unashuka," alisema Bawabu. "Dakika kumi."

Ukashuka kutoka matundu ya dari, mweupe, mzito, wenye harufu ya siki iliyoungua. Ulijaa chumbani hadi wasionane. Lutengano aliinua mikono, akageuka polepole ili umpate kila mkunjo, na ingawa alikuwa amefungiwa, ingawa moyo ulimdunda, kulikuwa na kitu kifuani mwake kilichosimama wima. Mvuke huu ulikuwa wake.

Mji mzima uliuita Mvuke wa Tweve. Livingamba ilikaa juu kabisa ya nyanda za baridi, watu elfu kumi na mbili nyuma ya uzio, na njia ya kuingia ilikuwa moja tu, handaki lililotoboa mlima. Huko chini Homa Kavu ilikuwa imemaliza miji. Waliofanikiwa kupanda walisimama mwisho wa handaki, wakamwagiwa mvuke kwa dakika kumi, wao na mizigo yao, kisha lango likafunguka. Nani alisema dakika kumi zinatosha? Lutengano Tweve, akiwa na miaka ishirini na nne, mtoto wa mkata mbao, aliyejifunza nusu ya kazi yake kwa kusoma vitabu vya wenzake walipokwenda kula. Aliupima mvuke ule kwa msimu mzima wa mvua. Aliandika, akatia saini. Tangu hapo hakuna kilabu cha pombe ya ulanzi alichoingia akakosa kupishwa kiti.

Mvuke ulipokwisha alifanya kama kanuni ilivyotaka. Alipangusa sakafu, meza, glavu zake na za Mama Sekela kwa vijiti vya pamba, akatia kila kijiti kwenye mrija mdogo wa kioo, akaipanga mirija kwenye kishikio. Kumi na minane. Kisha akageukia daftari lake.

"Unangoja nini?" aliuliza Mama Sekela.

"Naandika."

"Seli hizi hapa, mkononi mwangu. Mbona sampuli umeziweka pembeni?"

"Huwa zinangoja."

"Zinangoja nini?"

"Zinangoja wewe, Mama. Wewe si unaleta seli saa tisa?"

Mama Sekela aliiweka trei ndani ya kabati la joto, akafunga mlango taratibu. "Na sampuli huwa unachukua saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi."

"Saa tano." Akaanza kuhesabu kwa vidole vya glavu vilivyompwaya. "Sita, saba, nane, tisa. Saa nne. Halafu dawa ya kuzima nguvu ya mvuke unaweka saa ngapi?"

"Dawa ya kuzima siweki."

Alilisema hivihivi, kama mtu anayesema chai hanywi na sukari. Mama Sekela akamtazama kupitia kioo cha barakoa.

"Huweki."

"Inazichafua seli. Nilijaribu mara mbili, zikawa na madoa, picha zikatoka mbaya, Baraza la mji wasingeelewa kitu. Badala yake naongeza maji safi mara mia. Mvuke uliobaki kwenye mrija unakosa nguvu."

"Maji unaongeza lini?"

"Seli zikifika."

Tone moja la mwisho likaanguka kutoka mezani.

"Mwanangu," alisema Mama Sekela, "ile dawa ya mvuke kwenye pamba haijui kwamba saa yako imefika dakika kumi. Inaendelea kula virusi. Inakula saa nne nzima, tena ndani ya mrija uliofungwa. Sasa wewe ulipima dakika kumi au ulipima saa nne?"

Damu ilimpanda Lutengano mpaka masikioni. "Miaka mitatu unaniletea seli, leo ndiyo unanifundisha kazi?"

"Miaka mitatu nakupa mkono kwenye kidirisha. Leo ndiyo nakuona."

"Mirija huwa naiweka kwenye barafu!"

"Samaki pia huwekwa kwenye barafu na bado anaoza."

Angetoka, angetoka pale pale na kuubamiza mlango. Lakini mlango ulikuwa na makomeo matatu, na chumba kilikuwa hatua nane kwa sita. Alizunguka meza mara mbili, akarudi palepale alipokuwa.

"Sawa," alisema. "Sawa! Sampuli za kanuni zikae saa nne kama zilivyozoea. Pembeni tutafanya la kwako. Nachukua virusi kutoka friji, navitia kwenye maji ya mvuke, dakika ya kumi ikigonga natia dawa ya kuzima. Alhamisi tutaona nani mjinga."

"Na visima vya kulinganisha kwenye sahani ya seli nitapanga mimi," alisema Mama Sekela. "Kimoja seli tupu. Kimoja virusi bila mvuke. Kimoja dawa ya kuzima peke yake, usije ukanisingizia kwamba ndiyo iliyoua."

*

Seli huhitaji siku mbili kusema. Hakuna wa kuziharakisha. Mashine ya vinasaba ilijibu mapema, jioni ileile, na jibu lake lilikuwa kubwa la kutisha: vinasaba vya virusi kila mahali, mezani, sakafuni, kwenye glavu. Lutengano hakujali. Mashine ile huhesabu majina tu, haimuulizi mwenye jina kama yu hai. Virusi vilivyokufa huacha vipande vyao, na mashine huvihesabu vile vile. Anayejua tofauti ni seli. Virusi vilivyo hai huzitoboa. Vilivyokufa huelea juu yake bila kuzigusa. Ndiyo maana sheria ilimtaka Bawabu asubiri seli kabla ya kufungua.

Walikula biskuti na viazi vikavu vilivyoletwa na mrija mkuu wa ukutani. Mrija ule ulivuta kuja ndani tu. Uliweza kuwaletea chakula, blanketi, hata barua, lakini hata pini moja haikuweza kurudi nao. Kwa kujisitiri walining'iniza shuka kuukuu katikati ya chumba. Upande wake Mama Sekela aliongea na seli kwa Kinyakyusa, akiziita kwa majina ya shangazi zake waliofariki. Upande mwingine Lutengano alilala chali, akiitazama dari, akipiga hesabu ambayo haikutaka kukaa. Saa tano, saa tisa. Siku ngapi alifanya hivyo? Zote. Msimu mzima.

Jumatano asubuhi simu ya ukutani ililia. Alikuwa Daktari Luvanda, mkuu wa afya wa mji.

"Kamwene, Tweve."

"Kamwene, Daktari."

"Pole na ajali. Kesho utatoka, usiwe na wasiwasi, mvuke wako utakutoa. Nimekupigia kwa jambo jema. Kuna watu sitini na watatu wamefika handakini. Wanaingia kesho saa kumi alasiri. Katika orodha nimeona jina Atupele Tweve, ana mtoto wa miezi minne. Nimekuunganisha naye."

Lutengano alishika ukuta. Miaka minne bila habari. Alikuwa ameshamwomboleza dada yake kimyakimya, bila kumwambia mtu.

"Lute?" Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake. "Lute, wewe mbwa, uko hai!"

"Dada."

"Usilie, utaniharibia. Nina mtoto mgongoni, jina lake Ipyana, kichwa kama chako, tikiti maji. Eti ni kweli wanavyosema hapa? Kwamba tutaogeshwa kwa mvuke wenye jina la baba?"

"Ni kweli."

"Basi nikifika nakupiga kofi moja la kutoniaga, halafu ndiyo nakukumbatia. Unauma huo mvuke? Mtoto utamuumiza?"

Nyuma ya shuka, Mama Sekela alikuwa ameacha kuongea na seli.

"Hapana," alisema Lutengano. "Ni dakika kumi tu, dada. Dakika kumi, basi."

Alirudisha simu ukutani. Mama Sekela alimsogezea kiazi kwa upande wa chini wa shuka, naye hakukigusa.

*

Alhamisi, saa saba mchana, alikaa mbele ya hadubini.

Alianza na sampuli za kanuni, zile zilizongoja saa nne. Alisogeza sahani chini ya lenzi, na seli zikatokea, zimepangana ukingo kwa ukingo kama vigae vya nyumba mpya. Kisima cha kwanza safi. Cha pili safi. Kumi na vinane, safi vyote. Alivuta pumzi hadi mbavu zikamuuma.

"Nilikuambia!"

"Angalia na zangu," alisema Mama Sekela.

Akaingiza sahani ya pili. Hakuhitaji kuzungusha lenzi. Vigae vilikuwa vimeng'oka. Palikuwa na matundu, meupe, ya mviringo, moja, matatu, tisa, na kingoni mwa kila tundu seli zilijikunja na kuelea zikifa. Alihama kisima hadi kisima. Matundu. Matundu.

"Ni dawa ya kuzima," alisema haraka. "Si unaona? Imeziua seli. Ndiyo maana niliiacha mimi."

"Kisima cha kulinganisha ni cha tatu kutoka kushoto."

Hakutaka kwenda huko. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Dawa ya kuzima peke yake, bila virusi: seli zilikuwa na vidoa, ndiyo, vidoa vidogo vya kahawia, vibaya kwa picha. Lakini zilikuwa hai zote. Hakukuwa na tundu hata moja.

Alihesabu matundu mara tatu. Kila mara hesabu ilitoka ileile. Katika kila virusi elfu vilivyoingia kwenye mvuke, hamsini vilitoka hai dakika ya kumi. Saa nne ndizo zilizoviua. Saa nne za kungoja kidirisha kigongwe.

Aliondoka kwenye hadubini, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakufikiria handaki kwanza. Alimfikiria Chaula.

Masika yaliyopita watu saba walikufa kwa Homa Kavu katika Mtaa wa Mianzi. Baraza lilitafuta ilikopita homa, likampata Chaula, mkata mianzi aliyekamatwa akiruka uzio kurudi nyumbani. Chaula aliapa kwamba hakufika hata bondeni. Lutengano aliitwa kutoa ushahidi. Alisimama mbele ya watu, amechana nywele, akasema kwa sauti iliyofika nyuma: homa haikupita langoni, kwa sababu mvuke haushindwi. Basi ikabaki kuwa imepita kwa Chaula. Wakamtoa kwa handaki hilohilo, kwenda chini, na mke wake akamfuata kwa miguu yake mwenyewe.

"Mama," alisema, "nimeua mtu."

Mama Sekela alikaa chini kwa shida, goti moja kisha jingine. "Seli zilikuwa zangu," alisema. "Na saa tisa ilikuwa yangu. Hakuna siku nilikuuliza kwa nini saa tisa inakufaa."

*

Saa tisa kamili Bawabu alizungumza.

"Njia iliyoidhinishwa imekamilika. Sampuli kumi na nane, hakuna virusi hai. Thibitisha kwa sauti, mlango ufunguliwe."

Lutengano hajafungua kinywa, simu ikalia. Alikuwa Daktari Luvanda, na Lutengano akamweleza yote, bila kuyapamba: saa nne, dawa ya kuzima, hamsini katika elfu, Chaula.

"Nani anajua?" aliuliza Luvanda.

"Mimi, Mama Sekela, na sasa wewe."

"Nisikilize vizuri, kijana wangu. Bawabu hakukuuliza kuhusu sahani ya pili. Sheria haiijui. Sheria inajua Njia ya Tweve, na Njia ya Tweve imesema safi. Ukithibitisha, hujasema uongo."

"Nitakuwa nimesema nini?"

"Utakuwa umewaokoa watu. Unalijua Baraza. Lango likifungwa, magari yanakwenda handakini jioni hiihii na kuwarudisha wote chini. Huko hakuna kungoja, Tweve. Hao sitini na watatu wanakufa, hilo nina uhakika nalo. Na wewe unawaua kwa kuhofia kwamba pengine, nasema pengine, mmoja wao ana virusi kwenye mkunjo wa kanga. Miezi ijayo tutarekebisha mvuke polepole, bila kelele. Leo waache waingie. Dada yako yumo!"

"Najua yumo!"

Alipiga kelele hadi kioo cha kabati kikalia. Maana hilo ndilo lililokuwa baya: Luvanda hakuwa mwovu. Kila neno lake lilisimama kwa miguu yake. Upande mmoja sitini na watatu wenye nyuso, mmoja akiwa na kichwa kama tikiti maji. Upande mwingine elfu kumi na mbili ambao wangekwenda sokoni kesho bila kujua, kama wale saba wa Mtaa wa Mianzi walivyokwenda. Na yeye katikati, na mlango mbele yake unaofunguka kwa neno moja. Akisema safi, anatoka. Anakwenda langoni, anapigwa kofi, anakumbatiwa. Akisema kweli, kipimo cha kumtoa yeye mwenyewe kinakufa, kwa sababu mvuke ule ule ndio aliomwagiwa yeye.

Alikuwa ameujenga mtego huu kwa mikono yake, akautia saini, akaupa jina la baba yake.

"Thibitisha kwa sauti," alisema Bawabu.

"Daktari," alisema Lutengano polepole, "handaki lina urefu gani?"

"Mita mia nne. Kwa nini?"

"Watu wakae humo. Siku ishirini na moja. Yeyote mwenye homa atajulikana. Mizigo imwagiwe mvuke saa nne, hilo tunalijua kwamba linaua, ndilo jambo pekee nililolithibitisha maishani. Watu wenyewe wapimwe kila siku ya pili, kwa seli."

"Baraza haliwezi kukubali wagonjwa mlangoni bila kujua nani mgonjwa. Na kupima kwa virusi hai kunawezekana chumba kimoja tu mji huu mzima."

"Tumo ndani yake."

Luvanda aliguna.

"Sampuli zije kwa mrija," alisema Lutengano. "Mrija unaleta. Waambie Baraza: wakiwarudisha watu hao, hakuna atakayewapimia mvuke mpya, na lango halitafunguka kwa yeyote tena, hata kwa watoto wao walio huko chini. Na jina la Chaula lisomwe kwenye mkutano, kwamba hakuleta homa. Nitaliandika na saini nitatia, ileile."

"Unanitisha, Tweve?"

"Nakuomba, Daktari. Sauti yangu ndiyo mbaya."

Alifunika simu kwa kiganja, akageuka. "Mama, sina haki ya kukufungia. Seli bila wewe sitaweza hata siku tatu. Lakini nikisema, na wewe umebaki."

Mama Sekela alikuwa akifuta kioo cha kabati la joto ambacho hakikuwa na vumbi. "Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi," alisema. "Nimemshonea gauni mwenyewe." Akaendelea kufuta. "Nitapiga vigelegele kwenye simu. Sema, kabla sijabadilisha mawazo."

Lutengano aliinua uso darini.

"Nabatilisha."

"Unabatilisha matokeo?"

"Nabatilisha njia. Njia ya Tweve."

"Njia hubatilishwa na mwenye njia pekee. Taja jina."

"Lutengano Tweve."

"Njia ikibatilishwa, kipimo cha kukutoa hakipo. Mlango hautafunguliwa. Lango la handaki litazimwa. Tafadhali rudia, kwa uhakika."

Mara ya kwanza mtu anaweza kusema kwa hasira. Mara ya pili lazima aseme yeye.

"Nabatilisha Njia ya Tweve," alisema.

Kitaa kidogo cha kijani kilichokuwa kikimeta juu ya mlango kikafa.

Luvanda alikata simu kwenda barazani. Dakika arobaini zilipita, ndefu kuliko siku mbili zote. Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mtu aliyebeba gogo kupanda mlima. "Wamepinga, wamenitukana, wamekutukana wewe zaidi," alisema. "Lakini watatu kati yao wana watoto chini. Watu watabaki handakini. Makaa na mablanketi yameanza kwenda. Dada yako yuko kwenye laini. Mwambie wewe, mimi siwezi."

"Lute?" Nyuma ya Atupele palikuwa na sauti nyingi, watu wakiulizana, mtoto akilia. "Taa za lango zimezimika. Kuna nini?"

"Nimelizima mimi, dada."

"Wewe?"

Akamweleza. Hakumweleza kama alivyomweleza Luvanda. Alitumia maneno ya nyumbani, na alipofika kwenye neno kosa, alisema kosa langu. Upande wa pili mtoto alisikika akinyonya.

"Jana uliniambia dakika kumi," alisema Atupele.

"Nilikuwa najua nusu. Nusu nyingine nilikuwa naikimbia."

"Humu kuna baridi, Lute. Vidole vya Ipyana vimekuwa vya bluu. Nimepanda siku tisa. Naliona lango, nikinyoosha mkono naligusa." Sauti yake ikapanda. "Siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Na wewe utakuwa wapi? Kwenye kiti chako, unaota moto?"

"Humu nilimo. Mvuke niliomwagiwa ni huo huo. Nimefungiwa kama wewe."

"Mpaka wakufungulie. Wewe ni mtu wao. Kesho kutwa watatafuta njia, watakufungulia, utatusahau huku kwenye shimo."

Lutengano alitazama shuka kuukuu, viazi vikavu, chumba cha hatua nane kwa sita. Alimtazama Mama Sekela, ambaye tayari alikuwa akichukua sahani mpya na kuandika juu yake, kwa mkono wake mdogo ulionyooka, namba za watu: moja, mbili, tatu.

"Dada, washa kipaza sauti. Nataka wote wasikie."

Ukasikika mkwaruzo, kisha mwangwi mrefu wa handaki. Sauti za watu zikapungua, zikaisha.

"Mimi ni Lutengano, mtoto wa mzee Tweve," alisema. "Mnanijua kwa mvuke, na mvuke huo hautoshi. Nitawapima mmoja mmoja, mara kumi ikibidi, na ninachokiona nitawaambia saa ileile, kiwe kizuri kiwe kibaya, hata kama ni cha mtoto wa dada yangu. Na mlango wangu ukifunguliwa kabla ya wenu, Atupele, nakuahidi mbele ya watu hawa wote: sitavuka kizingiti. Wa mwisho wenu akishaingia mjini, ndipo nami nitatoka."